Cheo

Ukitaka kuingia chama cha wazikaji wa Limbani
usiende na barua.
Mie nilikwenda nayo, imepigwa chapa, imo ndani ya bahasha,
nikamkuta Shaame Ngwali, katibu, yuko kwenye cherehani
anashusha upindo wa suruali ya mtoto wa skuli.
Akasoma juu ya bahasha. Ndani hakufungua.
"Huyu Dadi Rubea ni nani?"
Ni mimi, nikasema.
"Sasa mbona umejituma mwenyewe?"

Huombi. Unaombewa.
Mtu aliyekwisha kushika jembe
akutaje Ijumaa, watu wakitoka msikitini,
viatu bado vimo mikononi,
na wenziwe wanyamaze.
Kunyamaza kwao ndiyo kura.
Akikohoa mmoja, rudi kwenu, ungoje mpaka mfungo sita.

Alonitaja mimi ni Khatib Machano,
tuliyegombea mpaka wa mikarafuu mitatu
tukaacha kuamkiana miaka saba.
Sijamuuliza sababu. Hata leo.

Ada ni shilingi elfu mbili kwa mwezi
na ubao mmoja wa kiunza, uurande kwa mkono wako.
Wangu niliuranda siku mbili.
Shaame akaupapasa kama apapasavyo bafta dukani:
"Hapa pana fundo."
Nikasema, maiti haumwi na fundo.
"Maiti haumwi. Mwanawe atakuwa amesimama pale juu, analiona."
Nikaubeba, nikarudi nao nyumbani.

Nilikuwa nimesikia, chama kina vyeo.
Nikauliza: na mimi mtanipa cheo gani?
Wakacheka wote, hata Bakari mwenye pumu,
wakacheka mpaka ikabidi apepewe.
"Subiri," wakasema. "Kitakuja chenyewe."

Kikaja masika, saa tisa za usiku.
Dirisha likagongwa mara tatu, kisha kimya.
Ukijibu "nani?", bado hujawa mwenzetu.
Unavaa, unachukua jembe, unatoka.
Mimi nilisema "nani?"
Nikasikia mtu gizani anapumua, ananisamehe.

Aliyekufa alikuwa mpagazi wa gati ya Wete.
Amekuja na msimu wa karafuu, msimu ukesha, yeye akabaki.
Jina la babake hakuna aliyelijua.
Khatib akanitia ukuti mbichi mkononi:
"Ingia ndani. Chukua cheo."

Basi hicho ndicho.
Nikaulaza ukuti ubavuni mwake, utosini mpaka kisiginoni,
nikauvunja pale alipoishia.
Miguu yake ilikuwa na vumbi la karafuu kwenye nyufa,
maji ya josho yalikuwa bado hayajafika.
Nje nikajisimamishia ule ukuti,
nami sijui kwa nini nilifanya hivyo.
Ukanitosha.

Tulichimba mvua ikitumwagikia,
udongo mwekundu unang'ang'ania chepeu kama mtoto asiyetaka kuachishwa.
Mwanandani ulipokwisha kuchongwa
mtu akawa ameshaukanyaga ukuti, umepotea topeni.
Wakanitazama.
"Shuka weye. Mna kimo kimoja."

Nikashuka. Nikalala kwa ubavu wa kulia.
Mzizi wa mkorosho ulikuwa karibu na pua yangu, umekatwa, unatoa maji.
Juu kulikuwa na miguu tu, na mvua,
na Bakari anahesabu pumzi zake.
Nilikuwa nimeomba kuingia.
Sikujua kuwa mlango ni huo.

"Unatosha?" akauliza Khatib.
Nikasema, ongeza kidogo upande wa kichwa.
Akanipa mkono kunivuta.
Ulikuwa na sugu pale pale penye sugu zangu.
Hatukusema lolote juu ya mikarafuu.

Ile barua sikurudishiwa.
Shaame ameifungua hatimaye, ameikata, kaifanya ruwaza ya kola.
Kila Idi inapokaribia naiona juu ya meza yake,
nusu ya saini yangu imebanwa kwa pini
juu ya shingo ya shati la mtu mwengine.